Tupeane uzoefu: filamu zilikufundisha nini kuhusu kuwa msichana au mvulana?

BintiMakorora:
Wakuu, heshima kwenu.

Nimekulia Tanga, Makorora, enzi za mikanda ya video. Nyuma ya genge palikuwa na kibanda umiza: mabenchi ya mbao, turubai jeusi mlangoni, picha za ngumi za Hong Kong mchana na za Kihindi jioni. Wavulana walilipa wakaingia. Sisi tulichungulia kwenye tundu la bati, maana binti akionekana mle ndani, habari ilifika nyumbani kabla yake.

Picha ikiisha, tunaigiza uwanjani. Kaka zetu wanagombania ustelingi, yaani kuwa shujaa mkuu wa picha, kwa sababu stelingi hafi. Nikiomba na mimi, jibu ni moja: "Wewe demu wa stelingi." Kazi yangu kukaa chini ya mwarobaini nimefungwa kamba ya katani, nisubiri kuokolewa. Kuna siku walinisahau wakaenda kutazama mpira.

Lawama za "filamu zetu mbovu" tumeshazisikia, hizo wekeni pembeni. Nataka yaliyokukuta wewe. Ni kijana gani wa kwenye filamu uliambiwa uwe, au ulikatazwa kuwa?

MtuWaKava:
Mada nzuri. Nimeuza DVD Kariakoo miaka ile ya marehemu Kanumba, yule mwigizaji, filamu moja inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila kava na bei yake. Wateja wangu wakubwa walikuwa akina mama wa saluni. Hawakuuliza jina la filamu. Waliuliza, "Ile ya mke mwenza imetoka?" au "Nipe yenye mama mkwe mkorofi."

Watu hudhani mtunzi alikaa kitako akapanga kumdhalilisha hausigeli. Kwa niliyoyaona, bajeti ndiyo iliyoandika hadithi. Hakuna hela ya kufunga barabara, hakuna hela ya hospitali wala ya kiwanda. Ipo nyumba ya kuazima Mbezi, kwa siku chache tu, mwenye nyumba anataka sebule yake. Sasa sebuleni utamweka nani? Mume mwenye funguo za gari, mke, mama mkwe, na beki tatu anayesikiliza mlangoni. Kijana wa kiume akitokea, ama ni shamba boi ama ni mtoto wa tajiri aliyerudi kutoka Ulaya. Fundi gereji hayupo, kwa sababu gereji haipo. Muuguzi hayupo, kwa sababu wodi haipo.

NyotaYaJaha:
Nakuunga mkono, MtuWaKava, ila rangi ya ngozi haikuchaguliwa na bajeti.

Mimi ni mweusi, mweusi hasa. Mara ya kwanza kwenda kwenye usaili, dairekta alinitazama juu hadi chini akamwambia msaidizi wake, "Huyu beki tatu." Sikuwa nimefungua mdomo. Nikaambiwa nije na khanga zangu mbili na ndala, maana nguo za kuigizia ni juu yako. Mwenzangu niliyepanda naye daladala moja kutoka Mbagala, maji ya kunde, akaambiwa aje na gauni na wigi. Yeye ni binti wa bosi.

Nimecheza hausigeli mpaka watu wa mtaani wakawa wananiita kwa jina la kwenye filamu. Maneno yangu ni "Abee mama" na "Ndiyo mama", halafu kuanzia katikati nimemchukua mume wa mtu, au nimetia kitu kwenye chakula. Hakuna hata filamu moja iliyoeleza natoka wapi, mshahara wangu shilingi ngapi, na kwa nini nilitaka kufanya hayo.

Kuna rafiki yangu alichoka akaanza mkorogo. Ulimtoa jikoni kweli, ukampeleka chumbani: siku hizi ni nyumba ndogo kwenye kila filamu.

Kisu_Butu:
Mnalalamika bure. Biashara ni biashara, watu wananunua wanachopenda.

BintiMakorora:
Sawa mkuu. Na wewe ulijifunza nini?

Kisu_Butu:
Kwamba mwanaume halii. Msiba wa baba nilisimama kwenye foleni ya kuaga nimevaa miwani meusi kama wale jamaa wa picha za ngumi. Shangazi akanivua mbele ya watu, akasema, "Lia, baba." Ndiyo hivyo. Endeleeni.

MwanaMufindi:
Pole, Kisu_Butu.

Langu ni lile la kumfuata msichana mpaka akubali. Mnalijua: nusu ya kwanza binti anamtukana, nusu ya pili wimbo unaanza, akigeuka ameshapenda. Nikiwa kidato cha tano, kijana mmoja alinisubiri kituoni karibu muhula mzima. Nikisema sitaki, anacheka, ananiambia, "Wote huanza hivyo." Ikabidi niache njia ya barabarani nipite kwenye mashamba, na mahindi yakishakua humwoni mtu aliye hatua tatu mbele yako.

Jirani yetu, mama mtu mzima kabisa, akaniambia, "Huyo anakupenda kweli, tazama anavyovumilia." Wote walikuwa wanaangalia filamu ya mapenzi. Mimi nilikuwa naogopa kushika njia. Aliyeyamaliza ni kaka yangu, na hata hilo lilisimuliwa mtaani kana kwamba kaka ndiye stelingi.

MsomajiTu:
Mchora katuni wa Marekani, Alison Bechdel, mwaka 1985 aliweka kwenye katuni yake kipimo cha maswali matatu: je, kuna wanawake wawili? Wanazungumza wao kwa wao? Kuhusu jambo lisilo mwanaume? Mimi na dada yangu tulikijaribu kwenye kabati la DVD la mama. Tuliishia kubishana kama mama mkwe akimgombeza mkwewe kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi wa mwanawe inahesabika.

MzaliwaEastlands:
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu ukitoka Eastlands, mitaa ya walalahoi, wewe ni mwizi mpaka mwisho wa filamu. Nairobi Half Life ya 2012 niliipenda: kijana anatoka mashambani akitaka kuwa mwigizaji, anaishia kwenye genge. Lakini yule ana mama, ana ndoto, ana uoga. Waliokuja kuniigizisha mimi baadaye walichukua bunduki pekee. Nimesomea uhasibu, jameni, na sijawahi kupewa hata kalamu kwenye filamu!

Halafu kuna Supa Modo ya 2018, ya msichana mgonjwa anayejiona shujaa, na kijiji kizima kinajitokeza kumtengenezea filamu yake. Binti yangu aliitazama, akafunga leso shingoni, akaanza kuruka kutoka kwa kochi. BintiMakorora, ungefurahi: hapa anayefungwa kamba ni kakake.

TichaNgosha:
Nafundisha sekondari kanda ya ziwa, nasimamia klabu ya maigizo. Shida yangu ni filamu za elimu, zile zinazoletwa kwa nia njema. Binti anadanganywa kwa chipsi, anapata mimba, anafukuzwa nyumbani, analia, mwisho. Na mvulana? Anatoweka mapema kabisa, hakuna anayemtafuta.

Wanafunzi wangu waliigiza hadithi ya namna hiyo. Baada ya mimba kutajwa, kijana aliyecheza mvulana akaenda kukaa na watazamaji. Nikamuuliza mbona umetoka. Akanijibu kwa heshima zote, "Nimeshamaliza, mwalimu. Sina sehemu tena."

Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, na darasani ninaye mmoja. Yeye aliandika mwisho mwingine: binti anarudi, mtoto anabaki kwa bibi, na kinachomsumbua ni hesabu, hasa logarithimu. Mvulana analetwa na wazazi wake kuulizwa atachangia nini. Wenzake wakakataa. Mmoja, tena msichana, akasema, "Sasa mbona hajaadhibiwa? Hii haina mwisho." Tulibishana mpaka kengele ikalia, na hatukukubaliana. Wiki ijayo wanaigiza miisho yote miwili mbele ya wazazi, na mkuu wa shule ameshaniita mara moja kuniuliza huo wa pili ni wa nini.

NyotaYaJaha:
Ticha, huo wa logarithimu umeandikwa au uko kichwani tu? Njoo PM. Kamera ya kuazima naipata, na darasa ni la bure kuliko sebule ya Mbezi. Ila tuelewane mapema: ukinipa mama wa kambo, sichezi.