Touch of Evil: ya 1958 au ya 1998, ipi ndiyo yenyewe?

Mtoa mada:
Wakuu, hili linanikera. Touch of Evil, ile noir (filamu ya uhalifu yenye giza giza) ya mpakani mwa Mexico na Marekani, studio ya Universal walimpokonya mwongozaji wake Orson Welles ikiwa bado inahaririwa, wakamleta mwongozaji mwingine, Harry Keller, apige vipande vya nyongeza, wakaitoa 1958 kama filamu ya kusindikiza nyingine. Welles alipoona walichofanya aliwaandikia waraka wa kurasa 58 akiomba marekebisho. Mengi hawakuyagusa. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch akaihariri upya kwa kuufuata waraka huo, na siku hizi watu wanaiita "ya Welles". (Kuna ya tatu, ya dakika 108, hiyo tuiache.)

Mimi nakataa. Welles alifariki 1985, hakuiona. Halafu waraka ule ni wa mtu aliyekwishashindwa: anaomba anachodhani atapewa, si anachokitaka.

Mchangiaji:
Mkuu, umezitazama zote mbili pale mwanzo? Bomu linawekwa kwenye buti la gari, kisha kamera inalifuata gari hilo mitaani zaidi ya dakika tatu bila kukata. Ya 1958 wamejaza majina ya waigizaji na watengenezaji juu ya picha, muziki wa Henry Mancini umefunika kila kitu. Ya 1998 majina hakuna. Unasikia muziki wa mabaa, unasikia redio ya gari lenyewe. Gari likitoka kwenye picha, redio inakwambia bomu liko karibu kiasi gani. Hiyo ni kazi ya mwongozaji, si ya studio.

Mchangiaji mwingine:
Ngoma za Mancini ndizo zinazohesabu sekunde, jamani! Bila hizo mimi naona watu wanatembea tu. Na mnabishana sauti wakati mwigizaji mkuu, Mzungu Charlton Heston, kapakwa rangi awe Mmexico. Hilo mhariri gani atalirekebisha? Ingawa, tuwe wakweli, Heston huyohuyo ndiye aliyewasukuma studio wampe Welles uongozaji.

Mtoa mada:
Redio ya gari nakupa, mkuu, ni tamu. Lakini mhakiki wa filamu Mfaransa François Truffaut aliisifu filamu hii 1958 hiyohiyo, kwa hiyo alichokitazama ni ile iliyokatwakatwa na studio, na bado akamwona Welles mle ndani. Anayesema ya 1958 si ya Welles anieleze Truffaut alikuwa anamsifu nani.