MJADALA: Tochi za zamu ya usiku, tununue za kuchaji au turudi kwenye betri za saa?

KatibuWaZamu
Assalaam aleikum wanamtaa, na wengine mliomo humu, Makorora mpaka Sahare hapa Tanga. Michango ya ulinzi shirikishi imeanza kuingia, 2,000 kila nyumba. Mara iliyopita tulinunua tochi sita ndogo za kuchaji, zile zenye kitufe cha pembeni na kijitaa cha bluu. Wiki mbili tatu hivi, zikaanza kukutwa zimekufa kabla ya zamu, na hakuna aliyeziwasha. Wajuzi wanasema zinakula chaji hata zikiwa zimezimwa. Nauliza: tubaki na za kuchaji, au turudi kwenye zile zinazotumia betri ndogo za saa ya ukutani, ambazo hazikosekani duka lolote la Ngamiani? Mimi naona turudi. Kwanza walinzi wetu wengi ni wazee. Mzee wa watu huwezi kumwambia kila asubuhi alegeze kifuniko cha nyuma ili moto ukatike. Atasahau tu.

ChaiYaRangi
Turudi kwenye karabai kabisa tumalize mjadala.

MvuviWaKusi
Za kuchaji zibaki. Hizo betri za saa ukizisahau ndani ya tochi miezi miwili, na hewa yetu hii ya chumvi, zinatapika unga mweupe na springi inaliwa yote. Nimetupa tochi tatu. Ile asidi haina mchezo.

GadiMstaafu
Katibu, salamu nimezipokea. Sasa hilo neno "atasahau tu" ulikuwa unamwambia nani? Mimi nilikuwa gadi wa treni. Mabehewa ya mkonge, usiku, mvua ya masika inapiga, taa ya kijani na nyekundu mkononi. Gadi akisahau ipi ni ipi, watu wanakufa. Miaka 27 sikusahau. Leo nisahau kulegeza kifuniko cha tochi ya plastiki?

KatibuWaZamu
Shikamoo mzee wangu. Sikukulenga wewe. Nilisema wazee kwa jumla.

GadiMstaafu
Marahaba. Na mimi kwenye hiyo jumla nimo.
Halafu tochi yangu nilikuwa nailegeza. Kila alfajiri nikitoka zamu, kabla ya kuvua viatu. Mke wangu shahidi.

BintiSahare
Katibu una neno wewe. Wazee ndio wanaolala macho ili nyinyi mkoromee feni. Wangekuwa vijana kwenye zamu, tochi zingekutwa zimekufa kwa kumulikana machoni.

FundiMita
Mvuvi, ile si asidi kaka. Betri zilizoandikwa alkaline ndani mna potasiamu haidroksaidi, kitu kilicho kinyume cha asidi. Ndiyo maana unasafisha springi kwa siki au ndimu, uchachu unaiua. Zile za bei ya chini, za zinki na kaboni, ndizo zenye maji yenye asidi. Na hizo huvuja mapema zaidi, kwa sababu kile kikopo cha zinki chenyewe ndicho kinacholiwa kadiri tochi inavyowaka. Kikishatoboka, basi.

MvuviWaKusi
Mimi shule niliishia la saba, lakini najua kitu kinachochoma mkono kinaitwa asidi.

FundiMita
Chokaa mbichi haichomi? Nayo si asidi.

MvuviWaKusi
Usiniletee chokaa mimi. Marehemu baba alikuwa na tanuri, tunapanga matumbawe na magogo, moto usiku kucha. Chokaa inachoma kwa joto lake, ukiitia maji inachemka yenyewe.

FundiMita
Na siku mbili baadaye ikishapoa, ukiishika mkono haupasuki?

MvuviWaKusi
Unapasuka. Ila hiyo ni chokaa, si betri.

ChaiYaRangi
Tumeanza na ulinzi, tupo kwenye tanuri. Kesho tutakuwa tunajenga msikiti.

FundiMita
Haya, tuache. Katibu aliniachia tochi moja katika zile sita, nikaipima jana pale kibandani. Naandika polepole ili tusielewane vibaya.

Unafungua kifuniko cha nyuma, unaacha betri ndani. Waya mmoja wa mita ya kupimia umeme unagusa kitako cha betri, wa pili unagusa ukingo wa bomba la tochi pale palipo chuma kitupu. Tochi imezimwa. Mita ikasoma miliampa 2. Kwa kitu kilichozimwa hizo ni nyingi sana. Nikafungua kichwa, nikang'oa kile kijitaa cha bluu cha kitufe, nikapima tena: 0.03. Maana yake ubongo wa ile swichi, ule unaokaa macho kusubiri ubonyeze, hauli kitu cha kutisha. Mlaji ni kile kipambo cha bluu.

Sasa betri. Imeandikwa 9900, yaani miliampa-saa, kiasi cha chaji inachobeba. Ni za umbo lile la betri za laptop, unene milimita 18, urefu 65, na kwa umbo hilo hakuna betri inayofika hapo. Zile nzuri kabisa zinazunguka 3500. Nikaipeleka kwa jirani anayeuza viungo, mzani wake wa iliki ukasema gramu 28. Ya kweli hukaribia 45. Nikaijaza, nikaimaliza taratibu huku naandika saa: ikatoa 800.

Hesabu yenyewe hii: 800 gawa kwa 2 ni saa 400. Karibu siku 17. Katibu si alisema wiki mbili tatu?

MamaTunu
Hiyo mita inauzwa bei gani?

ChaiYaRangi
Kuna watu watatu walipewa Nobel 2019 kwa hii betri ya lithiamu. Wangejua itafika Tanga imejazwa unga wa sembe wangeirudisha ile zawadi.

BintiSahare
Fundi usifiche kitu. Kile kifuniko cha nyuma je? Mzee anasema alikuwa akikilegeza.

FundiMita
Ndipo nilipokuwa naelekea dada. Tochi zilizotengenezwa vizuri, uzi wa kifuniko, yale meno, hupakwa ngozi ngumu isiyopitisha moto. Ukilegeza robo mzunguko tu, kifuniko kinaachana na ukingo wa bomba, na moto unakatika. Hizi zetu meno ni aluminiamu tupu, inang'aa. Robo mzunguko, nusu mzunguko, moto unapita kwenye meno yenyewe. Mita haikushuka mpaka nilipozungusha mara mbili na nusu, springi ikaachia betri, na hapo kifuniko kinataka kudondoka. Kwa hiyo mtu angelegeza kila siku ya Mungu na bado ingekufa.

GadiMstaafu
Rudia hapo.

FundiMita
Ungelegeza na bado ingekufa, mzee.

GadiMstaafu
Katibu umesoma? Nimeambiwa mbele ya watu, pale kwa muuza kahawa, nikiwa na kikombe mkononi, kwamba "mzee umeisahau tena". Nikanyamaza. Nikaenda nyumbani nikawa naandika kwenye kalenda kila nikilegeza, nikidhani kweli akili inaniondoka. Tiki ishirini na moja ninazo ukutani.

BintiSahare
Tiki 21. Mungu anakuona katibu.

KatibuWaZamu
Mzee nisamehe. Hili la kahawani lilikuwa utani, na sikulisema peke yangu.

GadiMstaafu
Nimesamehe. Kalenda siibandui.

MvuviWaKusi
Kwa hiyo tatizo si kuchaji, ni betri feki na taa ya bluu. Nilisema zibaki za kuchaji.

FundiMita
Ulisema zibaki kwa sababu ya asidi.

MvuviWaKusi
Nilisema zibaki.

ChaiYaRangi
Mimi nilijaribu njia ya katikati. Nina tochi ya betri moja ya saa. Nikamwona kijana anauza betri za kuchaji za umbo lile lile, kijani, zimeandikwa 14500, ndogo kama ile ile. Nikaitia. Wallahi iliwaka mpaka nikauona ufa kwenye ukuta wa jirani ambao yeye mwenyewe haujui. Halafu ikanuka. Haijawaka tena.

FundiMita
Umbo moja, volti mbalimbali. Betri ya saa ni 1.5. Hiyo yako ikijaa ni 4.2. Kuna tochi zinazokubali zote mbili, lakini lazima mtengenezaji awe ameandika hivyo. Ukitaka ya kuchaji ndani ya tochi ya betri za saa, tafuta zilizoandikwa NiMH, 1.2, na ziwe zile zinazotunza chaji zikikaa. Zile za kizamani ukizijaza leo, baada ya miezi miwili zimeshajimaliza zenyewe hata ukizifungia kabatini, hapo usimsingizie swichi.

Kwa zamu yetu, maoni yangu: tochi ya betri za saa yenye swichi ya nyuma ya kubofya, ile inayosikika "tak". Ikishabofywa imekatwa kweli, mita inasoma sifuri. Na betri nne nne za NiMH pamoja na chaja moja ikae kwa katibu. Umeme ukikatika siku mbili, tunavuka barabara tunanunua za dukani usiku ule ule. Ya lithiamu huwezi kuinunua saa nne usiku hapa.

KatibuWaZamu
Basi si ndilo nililosema mwanzo? Turudi kwenye betri za saa.

BintiSahare
Ulisema kwa sababu ya wazee.

KatibuWaZamu
Dada hili tumeshalimaliza.

BintiSahare
Tumalize na la pili. Hizo 9900 alizinunua nani? Risiti iko wapi? Tochi sita kwa 15,000 moja ni 90,000 za watu. Mtu unasoma 9900 kwenye kitu chepesi kama ganda la korosho na unaamini?

KatibuWaZamu
Nilinunua mimi na mjumbe mwenzangu. Risiti tulipewa ya mkono, ipo. Na mimi si fundi. Ningejuaje uzito wa betri? Nyinyi mkinunua samaki Deep Sea mnampima joto?

MvuviWaKusi
Samaki anaangaliwa shavu.

ChaiYaRangi
Betri inaangaliwa iliki.

FundiMita
Kabla hatujanunua mpya, hizi sita zinaokoleka. Nang'oa kijitaa cha bluu, natia betri za kweli, bei nitawaambia. Zileteni zote kibandani Jumamosi. Moja ninayo.

GadiMstaafu
Yangu naileta. Imelegezwa.

KatibuWaZamu
Mjumbe ana mbili, nimempigia. Ya zamu ya bondeni ipo kwa kijana wa bodaboda. Hizo tano.

BintiSahare
Na ya sita?

KatibuWaZamu
Natafuta.

BintiSahare
Katibu. Ya sita?

MamaTunu
Jamani iko kwangu. Katibu aliiacha barazani usiku ule wa maulidi, nikawa naangalizia kuku, maana paka shume anaingia bandani. Sikujua ni ya mtaa.

KatibuWaZamu
Alhamdulillahi. Mama naijia jioni.

MamaTunu
Njoo na betri. Imelala tangu juzi.