Nyumba ndogo za kuhamishika Mombasa: ziruhusiwe, na ziwekwe wapi?

Mwanzisha mada

Swali ni hili: Kaunti ya Mombasa iziwekee nyumba ndogo kanuni zake, au ziendelee kupimwa kwa kipimo kile kile cha jumba la ghorofa? Nina aina tatu akilini: kontena la meli lililogeuzwa chumba, basi au matatu kuukuu iliyofanywa makazi, na kibanda cha mbao kando ya maji, upande wa Tudor, Mikindani au hori (mkono wa bahari) ya Mtwapa.

Mimi nasema ziruhusiwe, kwa sababu ya jambo moja la hapa kwetu. Kwenye mitaa ya Majengo, Kisauni na Likoni kuna watu wengi ambao nyumba ni yao, kiwanja si chao. Wanalipa kodi ya ardhi, na siku mwenye ardhi akiuza, ukuta wa mawe haubebeki. Nyumba inayobebeka ingemwezesha mpangaji wa ardhi kuondoka na mali yake. Wanaojua chuma, mbao, maji na sheria waseme.

Fundi wa makontena, Changamwe

Naunga mkono, ila watu waambiwe ukweli wa chuma kwanza. Kontena la futi 20 ndani lina mita 5.9 kwa 2.35, kimo mita 2.39. Hizo ni mita za mraba 14 hivi, na ukishatia kizuizi cha joto na mbao za ukutani, upana unabaki mita 2.2. Anayetaka dari atafute la kimo cha futi 9 na nusu, ambayo mengi huwa ya futi 40.

Joto ndilo linalowashinda wengi. Bati la juu lina unene wa milimita 2 na linakaa juani kutwa. Inua paa la pili la mabati sentimita 40 juu ya kontena, litokeze sentimita 90 kila upande, na hiyo nafasi ya kati uiache wazi upepo upite. Ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalochoma kuta. La saa sita linakuwa karibu na utosi, na paa la pili litalizuia. Madirisha yakabiliane, kusi (upepo wa kusini) iingie huku itokee kule, na kaskazi (wa kaskazini) kinyume chake.

Halafu kuna jasho la chuma. Usiku bati hupoa kuliko hewa, na unyevu wa pwani ukiligusa hugeuka maji. Ukiwa umebandika sufi ya kioo ya kuzuia joto kwa ndani, inayanyonya yale maji na kukaa kama taulo bichi juu ya chuma. Kutu inakula kwa nyuma ya ukuta na huioni mpaka sakafu ianze kulainika pembeni. Povu la kupulizia, lile linaloganda na kushika chuma bila kuacha mwanya, ni ghali zaidi, lakini sijui njia ya kuokoa pesa hapo isiyorudi kukudai.

Kukata: zile kuta za mikunjo zina milimita 1.6 tu na ndizo zinazolisaidia kontena kusimama. Kila tundu la dirisha au mlango lizungushiwe fremu ya paipu za mraba za milimita 50 kwa 50, unene 3, na ichomelewe kabla hujafungua tundu linalofuata. Ukitoa ubavu mzima bila kuweka mhimili, mwamba wa juu (boriti ya chuma ya ukingo wa juu) unapinda na milango ya nyuma haifungi tena.

Kutu huanzia mwamba wa chini, chini ya mpira wa mlango, na kila palipopita moto wa kuchomelea. Osha chumvi kwa maji matamu kabla ya kusugua. Ukisugua kwanza unaisukuma chumvi ndani ya vishimo vya kutu na rangi itavimba juu yake. Kisha rangi ya msingi yenye zinki, epoksi juu yake, na mwisho rangi inayostahimili jua. Usipake alfajiri chuma kikiwa na umande.

Mawili ya mwisho. Soma kile kibao cha chuma mlangoni: huandikwa dawa ya wadudu iliyotiwa kwenye mbao za sakafu. Ama uing'oe sakafu hiyo, ama uifunike kwa epoksi kabla ya kuweka nyingine. Na hakikisha una karatasi za ushuru wa Mamlaka ya Mapato (KRA), maana kontena huingia nchini kwa safari, si kwa kukaa.

Fundi wa stima

Naongeza moja ambalo halingoji mjadala. Nyumba ya chuma ni waya mmoja mkubwa. Fimbo ya shaba ardhini, iunganishwe na mwili wa kontena, na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Kila waya unaopita kwenye tundu la bati upewe mpira, kwa sababu ukingo uliokatwa kwa grainda ni kisu.

Makanika wa mabasi

Kuhusu matatu: ya viti 14 isahau kama makazi ya kudumu, huwezi kusimama wima ndani. Ya viti 33 inafaa. Hesabu ya uzito ni rahisi. Abiria 33 wa kilo 68 ni kilo 2,244, na viti ukivitoa unapata zaidi. Tangi la maji la lita 200 ni kilo 200, liwekwe chini, katikati ya ekseli mbili, lisiwekwe juu ya paa, ama gari litayumba kila kona. Bodi nyingi zimejengwa hapa nchini kwa paipu za mraba na kufunikwa mabati, kwa hiyo fungua sakafu yote uone mifupa kabla ya kununua hata mbao moja. Na ukishabadilisha matumizi ya gari, NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ilikague na logibuku ibadilishwe. Bila hivyo bima inaweza kukukataa siku ya ajali.

Mwenye mashua, Mtwapa

Mbona mnazungumzia nchi kavu tu? Maji ndiyo nafasi iliyobaki. Kibanda cha mita 3 kwa 4 chenye uzito wa kilo 2,500 kinaelea juu ya mapipa 25 ya plastiki ya lita 200, kila pipa likizama nusu tu. Wekeni 32, mapipa machache yakitoboka bado mko salama. Au kisimamishwe juu ya boriti, kama yalivyosimama magati ya wavuvi. Hakuna kodi ya ardhi, hakuna mwenye kiwanja wa kukufukuza.

Mtunza mikoko, Tudor

Hapana, ndugu yangu, na nitakueleza kwa nini bila kukuzungusha.

Bamvua ya Mombasa, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3. Kibanda chako kikiwa pembeni ya hori, mara mbili kwa siku kitaketi juu ya tope, na kilipoketi ndipo mchu, aina moja ya mikoko, unapopumulia. Nenda maji yakipwa utazame: mizizi ya mchu inasimama juu ya tope kama penseli zilizochomekwa, kila mmoja una vitundu vya kuvutia hewa. Pipa likiukalia, au watu wakikanyaga njia ile ile kila siku, tope linashindiliwa, mizizi inakosa hewa, na mti unaanza kukauka kutoka kileleni. Ukiikata aina nyingine, ile inayoitwa mkoko hasa, ni vibaya zaidi, kwani hiyo haichipui upya kwenye kisiki kama mchu.

Hiyo mikoko ni msitu wa hifadhi tangu 1932. Boriti zake hazikatwi bila kibali cha Huduma ya Misitu. Na hata ukizipata kihalali, pale kati ya maji kujaa na kupwa kuna wadudu wanaotoboa mbao kwa ndani. Majahazi hupandishwa na kupakwa deheni (mafuta na chokaa) kwa sababu hiyo hiyo. Nguzo ya kibanda huwezi kuipandisha.

Swali langu kwako: choo kinakwenda wapi?

Mwenye mashua, Mtwapa

Choo kikavu, kinachotenganisha mkojo. Ndoo na majivu.

Fundi wa mabomba

Choo kikavu ni jibu zuri kwa nyumba ndogo, na ningetaka kanuni zikitaje waziwazi. Mkojo kando, kinyesi kwenye ndoo ya lita 20, kopo la majivu au pumba za randa kila baada ya matumizi. Kikinuka, mara nyingi maji yameingia ndani ya ndoo. Lakini ndoo ikijaa inahitaji mahali pakavu pa kuozea kwa miezi mingi, na mwenye kuelea majini hana mahali hapo. Atamwaga, labda si leo, lakini usiku wa mvua atamwaga.

Kwenye kiwanja cha kisiwani pia kuna tatizo. Chini yetu ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, na maji ya shimo la choo hufika kisimani bila kuchujwa. Kwa hiyo shimo la wazi chini lisiruhusiwe. Liwe tangi lililozibwa, la kunyonywa na eksosta (lori la maji taka), au choo kikavu.

Maji ya mvua msiyadharau. Paa la pili alilolieleza fundi lina mita za mraba 33 hivi. Mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukitoa moja ya tano ya kupotea, ni lita 26,000 na zaidi. Mtu mmoja anayetumia lita 40 kwa siku anahitaji 14,600. Ila nyingi hunyesha Aprili hadi Juni, kwa hiyo ukubwa wa tangi ndio utakaoamua.

Mpima ardhi

Tuliweke sawa hili la ufukwe. Kanuni za Upimaji za 1994 zinasema ardhi ya serikali isiyogawiwa ikipimwa, iachwe hifadhi ya mita 60 kutoka alama ya maji kujaa baharini, na mita 30 kwenye mto unaojaa na kupwa. Zinahusu ardhi inayopimwa upya. Hati za zamani nyingi zinafika kwenye alama ya maji, na ndiyo maana ukuta wa jirani mmoja uko mchangani na wa mwingine uko mbali. Basi aliye na hati hiyo ana haki ya kuomba kibali. Asiyekuwa nayo akiweka kibanda chini ya alama ya maji amekiweka kwenye ardhi ya umma, kiwe na magurudumu, mapipa au boriti.

Na Mwanzisha mada, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kwa ujenzi. Kuita kitu "cha kuhamishika" hakukuondolei hilo. Ningependa kaunti itoe kibali cha muda kwa mpangaji wa ardhi, kwa idhini ya maandishi ya mwenye ardhi, kikitaja choo, moto na njia ya kutokea.

Seremala, Kisauni

Nimesoma yote na bado hakuna aliyegusa shida ya wapangaji wa ardhi wa Majengo. Kontena lina upana wa mita 2.44 na uzito wa zaidi ya tani 2 kabla hujaweka kitanda. Linahitaji lori lenye kreni, na lori hilo haliingii kwenye vichochoro vile. Siku mwenye ardhi akisema ondoka, kontena litakuwa limezungukwa na kuta za majirani, halitoki. Kwa mpangaji wa ardhi hiyo si nyumba ya kubebeka hata kidogo.

Anachohitaji ni paneli. Kila moja futi 8 kwa 4, fremu ya mbao za inchi 3 kwa 2 zilizotiwa dawa, plaiwudi ya milimita 9 upande wa nje. Inakuja kilo 40 hivi, watu wawili wanaibeba. Nyumba ya futi 12 kwa 16 inachukua paneli 14 za kuta na 6 za sakafu. Zifungwe kwa bolti za milimita 12 zilizopakwa zinki, tatu kila kiungo. Misumari usiitumie kwenye viungo, maana ukiing'oa mara ya pili mbao inapasuka.

Sakafu ikae sentimita 45 juu ya ardhi, kwenye vijiguzo vya simiti, na kila kijiguzo kivikwe kofia ya bati iliyokunjwa chini, ili mchwa akipanda aonekane. Kwa kuwa nyumba ni nyepesi, kusi inaweza kuliinua paa: mkanda wa chuma utoke kwenye kenchi, ushuke na ukuta, ufungwe kwenye simiti ya kila kona. Mafundi wengi huufunga mkanda ukutani tu, na upepo ukija unaondoka na paa na paneli za juu pamoja. Andika namba kwa rangi kwenye kila paneli, upande wa ndani, kabla ya kufunga bolti ya kwanza. Kuta zote 14 zinaingia kwenye mkokoteni kwa safari tatu au nne.