Brighton kwa siku moja, laptopu begani, bila kutoboa mfuko

Kutoka: Dada wa Lewisham

Wapendwa, habari za wiki. Wakubwa, shikamooni.

Ninafanya kazi nyumbani siku nne kwa wiki, na chumba ninachofanyia kazi ndicho ninacholalia. Jua la Juni likitoka naona kama limekuja dirishani kunicheka. Alhamisi hii nina mikutano miwili tu, wa saa tano asubuhi na wa saa nane mchana, nimeazimia kushuka Brighton, mji wa bahari kusini mwa London, na kazi yangu nirudi usiku.

Shida ni kwamba mwaka jana nilijaribu nikaumbuka. Niliingia mgahawa mmoja unaotazama bahari nikaagiza kahawa. Baada ya saa moja mhudumu akaanza kupangusa meza yangu ambayo haikuwa na uchafu wowote. Nikaelewa, nikaagiza nyingine. Hadi saa tisa nilikuwa nimeshakunywa kahawa nne na kula keki mbili, moyo unanidunda, na hela ya chakula cha wiki imeyeyuka. Nikahamia kwenye mawe ufukweni. Skrini sioni kitu, na katikati ya kikao laptopu ikapata moto ikajizimia.

Safari hii niko na mdogo wangu, amekuja kunitembelea kutoka Dar kwa wiki tatu, naye ana barua za ofisi yake anazijibu kila siku. Tunawezaje kwenda wawili bila kurudi tunaomba mkopo?

* * *

Kutoka: Kaka wa Croydon

Dada, mgahawa wausingizia bure. Ulichokosea ni kutaka kufanyia kazi ufukweni. Mimi huenda karibu kila wiki mbili, Mei hadi Septemba, na utaratibu wangu haubadiliki: kazi naimalizia maktaba, bahari naikuta jioni. Mwezi huu jua la Brighton linazama baada ya saa tatu usiku. Ukifunga laptopu saa kumi na moja, umebakiwa na saa nne nzima za mwanga. Kwetu ikishapiga magharibi ndiyo basi, iwe Juni iwe Desemba. Hapa unapewa siku ya pili, na watu wanaitupa wakigombea soketi.

Maktaba ni Jubilee, ilifunguliwa 2005, jengo kubwa la vioo katikati ya mji. Kutoka stesheni ni kama dakika kumi kwa miguu, na kama hizo tena hadi majini. Intaneti ni bure, na hakuna wa kukupangusia meza. Viti vilivyo karibu na soketi huwahiwa na wanafunzi wa mitihani, kwa hiyo nenda na laptopu iliyojaa chaji na pawabenki ya simu. Mikutano usifanyie mle ndani, watu watakutazama. Mwachie mdogo wako vitu, chukua simu na visikio, vuka hadi bustani ya Royal Pavilion, ni hapo hapo. Ni lile jumba la makuba ambalo ukiliona utadhani umeteremkia India, na wakati wa vita vya kwanza vya dunia kweli liligeuzwa hospitali ya askari wa Kihindi. Tafuta benchi lenye mti nyuma yako. Bando liwe lako mwenyewe.

Kinachokula hela ni treni. Kutoka London Bridge kuna ya Thameslink inayokwenda moja kwa moja, saa moja na kidogo. Tiketi iliyoandikwa kuwa ni ya Thameslink tu huwa rahisi kuliko ile ya treni yoyote, ila ukishainunua usije ukarukia treni ya kampuni nyingine kwa sababu imetangulia. Mkiwa wawili piga hesabu ya Network Railcard, kadi ya punguzo unayoinunua: inapunguza theluthi ya nauli yako na ya watu wazima hadi watatu unaosafiri nao. Siku za kazi inaanza kufanya kazi saa nne asubuhi, na kuna nauli ya chini ambayo punguzo haliishuki, kwa hiyo safari fupi haikusaidii.

Na hili nalisema kwa uchungu: usigonge Oyster, ile kadi ya nauli za London, ukadhani itakufikisha. Oyster inaishia Gatwick. Mimi niligonga East Croydon, nikasinzia, nikaamkia Brighton mbele ya geti lisilonitambua. Tangu Januari 2023 faini ni pauni 100 juu ya nauli, inashuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. Nililipa siku ya pili. Hiyo ndiyo siku ghali kuliko zote nilizowahi kukaa ufukweni, na sikuingia hata majini.

Mkutano wako wa saa tano uhamishe. Ukiondoka baada ya saa nne utakuwa njiani.

* * *

Kutoka: Mama wa Luton

Wanangu, mnaongea treni na soketi, chakula hamjakitaja. Mkifika na njaa mtanunua chipsi na samaki pale mbele ya bahari, na bei ya pale ni ya mtu aliyekuja mara moja kwa mwaka.

Mimi hupanda Thameslink hapa Luton bila kubadilisha hadi mwisho wa reli, na kapu langu: chapati zimekunjwa na mayai ndani, njugu, matunda, chupa ya chai. Aliyeshindwa kuamka mapema apitie supamaketi za njiani, ile ofa ya sandwichi, kinywaji na kitafunwa mara nyingi haifiki pauni tano.

Beba mkeka, lakini mkeka peke yake hautoshi. Brighton hakuna mchanga, ni mawe matupu ya duara kama viazi. Mchanga unachungulia kidogo maji yakitoka sana. Chukua na mto. Viti vya turubai ukivikuta vimepangwa, huenda ni vya kukodi, usikae halafu ukashangaa.

Halafu shakwe. Dada, wale si ndege, ni vibaka. Mmoja alinipokonya chapati mkononi nikiwa naipeleka mdomoni, nikabaki nimeachama. Na usimrushie jiwe, wanalindwa na sheria. Kaa umeegemea ukuta, kula umefunika.

* * *

Kutoka: Mkazi wa Hove

Hamjambo wadau. Mimi ni wa Kilifi ila nina miaka sita hapa, wacha niongezee.

Upepo. Ufuo huu unatazama kusini, na upepo wa huku mara nyingi unatoka kusini-magharibi, kwa hivyo unaupata usoni. Sisi wa pwani tunaujua kusi, lakini kusi la nyumbani halikuumizi masikio. Hata Juni beba sweta. Simu ufukweni sahau, anayekusikiza atadhani uko ndani ya gunia.

Kama lazima ufungue laptopu nje, tembea kuelekea magharibi, ipite ile mifupa ya West Pier, gati ya zamani iliyoungua 2003, uendelee mpaka Hove Lawns. Ni nyasi, bure, na watu wamepungua. Jua likiwa mgongoni hutaona skrini, kwa hivyo keti ukilitazama, skrini ijitie kivuli yenyewe. Kofia pana inasaidia kuliko miwani.

Ile gati kubwa, Palace Pier, imesimama tangu 1899. Zamani uliingia bure, lakini mwaka 2024 walianza kuwatoza wasio wakazi ada ndogo siku za msimu. Hamtakosa kitu mkiitazama kutoka nje.

Maji: Juni ni nyuzi 14 au 15 tu, na ukingo unashuka ghafla, hatua tatu na umezama kifua. Ogeleeni katikati ya bendera za nyekundu na manjano, hapo ndipo waokoaji wanapoangalia. Kujua kuogelea Kilifi si kujua kuogelea huku, nilijifunza nikihema.

Mkipata nafasi jioni, kuna basi namba 12 linalofuata pwani hadi Eastbourne. Nauli ya safari moja haizidi pauni tatu, na mnaona miamba myeupe njiani. Keti ghorofani, upande wa kulia.

* * *

Kutoka: Kijana wa Coventry

Shikamooni wote. Swali la pembeni: mimi niko hapa kwa viza ya masomo, lakini naandikia kampuni moja ya Nairobi na wananilipa huko huko. Hii si kazi ya hapa, sivyo? Nikienda Brighton kuifanyia si ni kama niko likizo?

* * *

Kutoka: Mzee wa Reading

Marahaba wanangu.

Kijana, hapana. Ukiwa umeketi Coventry, au Brighton, kazi hiyo unaifanyia Uingereza. Wanachoangalia ni mikono inayoandika iko wapi, mshahara utoke unakotoka. Kwa mwanafunzi wa shahada kikomo ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na saa za Nairobi zinahesabiwa humo humo. Lenye hatari zaidi ni hili: viza ya masomo hairuhusu kujiajiri. Kama kampuni haijakuajiri kwa mkataba, bali unawapelekea ankara kila mwezi, acha leo, kisha zungumza na washauri wa wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako. Huduma yao ni bure.

Dada wa Lewisham, mdogo wako yuko salama. Tangu tarehe 31 Januari 2024 kanuni za wageni zinasema wazi kwamba mtu aliyekuja matembezi anaweza kufanya kazi ya ajira yake ya nje akiwa hapa, mradi kazi hiyo isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Amekuja kumwona dada yake, anajibu barua za ofisi ya Dar, sawa. Asishike kibarua cha hapa hata cha siku moja.

Nami niliwahi kwenda Brighton. Mawe yale si ya magoti ya umri wangu.

* * *

Kutoka: Dada wa Lewisham

Asanteni sana. Ripoti ya Alhamisi.

Bosi alikataa kuhamisha mkutano. Nikajipa moyo kwamba nitaufanyia kwenye treni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nikaulizwa swali, nikafungua mdomo, tukaingia handaki la Balcombe. Tulipotoka nilikuwa nimeshakatika, na dirishani tunavuka lile daraja refu la matao, ng'ombe chini kabisa. Nikaingia tena, nikaanza kueleza, likaja handaki jingine. Mwishowe nikaandika jibu kwa ujumbe. Kaka wa Croydon, ungenitajia mahandaki badala ya faini yako.

Ofisi ya mdogo wangu iko mbele yetu kwa saa mbili, kwa hiyo saa tisa yeye alikuwa huru, akanikodolea macho maktaba kama mtoto anayesubiri kengele. Nilimtuma bustanini. Saa kumi na moja juu ya alama tulikuwa Hove Lawns, viatu pembeni. Baada ya tiketi, hela pekee iliyonitoka ni ya aiskrimu mbili, na moja aliichukua shakwe.

Mdogo wangu aliingia majini hadi vifundoni, akapiga ukelele, akageuka kuniuliza kama bahari yao huwa wanaitoa kwenye friji. Tulikaa mpaka jua likazama. Basi namba 12 tumeliacha kwa ajili ya Alhamisi ijayo, kabla hajarudi. Mama wa Luton, kama utashuka na ile treni yako ya moja kwa moja, mimi naleta mito mitatu. Chapati nakuachia wewe.