Tupeane uzoefu: nani kashazunguka Mji Mkongwe na wilchea, magongo au fimbo nyeupe?

MwanaKiponda: Asalaam aleikum wanajamvi. Mama mdogo anakuja kutoka Muscat, anatumia wilchea tangu apate stroki, na keshasema safari hii haji kukaa ndani kulishwa mikate ya kumimina, anataka kuuona mji aliokulia. Wapi panapitika, wapi ni kujitesa? Semeni kweli jamani, si zile "hakuna shida" za kwenye biashara.

MagongoMalindi: Waaleikum salaam. Vichochoro vyenyewe vingi ni tambarare, kazi ipo mlangoni. Kizingiti kile cha mbao uruke, ukisharuka unakutana na ngazi zimesimama wima. Na asije masika! Njia ikijaa maji wenzangu wanapanda barazani wanapita juu juu, mie nabaki chini maji ya kifundo na mpira wa gongo unateleza.

NatembezaWageni: Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa mpaka 1873, yale masanamu ya watumwa waliofungwa minyororo yamo ndani ya shimo uani, anayaona toka juu akiwa kwenye kiti chake. Vile vyumba vya chini ya ardhi mwacheni, ngazi ni za kushuka na dari fupi hata mzima anainama. Vijana watataka kumbeba, wana moyo sana, lakini muulizeni yeye kwanza. Kuna mzee mmoja mgeni wangu walimnyanyua na kiti chake bila hata kumsemesha, kufika chini analia, nikadhani ni historia ya pale, kumbe hasira, kabebwa kama gunia la karafuu.

Sioni_NaGusa: Mie sioni kabisa na nakwambia starehe ya Mji Mkongwe ni milango. Kuna kijana alinisimamisha mbele ya mmoja akasema "gusa dada", nikaanza na njumu, ile misumari minene ya shaba, nikaja kwenye mfaa, ule ubao wa katikati panapokutana mbao mbili za mlango, pembeni minyororo imechongwa inakwenda juu mpaka mkono haufiki. Nilikaa pale mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kulikoni. Sasa makumbusho moja, siitaji, naambiwa vitu havishikwi! Basi nimelipa kiingilio kusikiliza feni.

BintWete: Pemba msituulize sana 😅 Pujini, kwenye magofu ya mtawala wa zamani Mkama Ndume, ni majani na mashimo, nilimpeleka kaka yangu akaangalia kutoka garini.

Hurumzi77: Nyie mnasahau mji huu ni urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kuvunja ngazi ukamwaga zege.

MagongoMalindi: Nani kasema avunje? Seremala anaunda ubao wa mteremko, mgeni akija unaweka, akiondoka unaegesha pembeni, ukuta hujaugusa. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka ubao wa sentimita 12, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 10 ni ubao wa mita 1 na kidogo, haujai hata kirikuu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu nchi imeridhia 2009, ubao ndo tunangojea mpaka leo? Na hiyo Beit al-Ajaib mnayojisifia, jumba la Sultani Barghash la 1883, wazee wanasema ndo ilotiwa lifti kabla ya jengo lolote Afrika Mashariki. Tungekuwa mbali! Sasa lenyewe upande umeporomoka tangu Disemba 2020.

MwanaKiponda: Na kisiwa cha Changuu kwenye kobe je? Hiyo anaitaka sana.

NatembezaWageni: Inawezekana ila boti unapandia majini, hakuna ujanja. Nendeni maji yakiwa yamejaa, yakitoka mnamsukuma kwenye mchanga mrefu na matairi membamba yanazama. Mpatane na nahodha siku ya kabla, mwambieni kabisa kuna wilchea, akianza kuguna tafuteni mwengine. Na mto wa kukalia msisahau, ubao wa boti mgumu na mtu wa stroki upande mmoja hajizuii vizuri.