Naisikia h ya Kieven, kwenye spektrogramu (picha ya sauti) siioni. Niipimeje?

MtuWaTanga

Hamjambo wataalamu. Nasoma fonetiki Saint Petersburg, na nimepewa rekodi za Kieven cha Lamunkhin, lahaja ya kijiji cha Sebyan-Kyuyol huko Yakutia, Siberia. Ni watu wa kufuga reindia. Vijana wengi sasa wanazungumza Kisakha na Kirusi, kwa hiyo sauti ninazopima ni za wazee.

Shida yangu ni h. Katika Kieven s ya zamani imegeuka h: "wewe" ni *hi*, ilhali Kievenki, ndugu yake, bado husema *si*. Mwanzoni mwa neno naiona vizuri. Lakini lahaja hii imeigeuza hata katikati: "mwanamke" ni *ahi*, wakati Waeven wa rasi ya Kamchatka husema *asi*. Hapo kati bibi ninayemsikiliza ananishinda. Mawimbi yanaendelea tu toka *a* hadi *i*, ingawa kwa sikio h ipo kabisa. Nyuma yake jiko la kuni linalialia muda wote. Nimeshaandika "h imedondoka" mara 31 kwenye jedwali, na roho inanisuta.

Mwalimu wa Karatu

Dada, futa hizo 31 kwanza.

Weka vidole kooni, useme "mahali" kwa mwendo wa mazungumzo. Mtetemo umekatika? Haukatiki. Kati ya irabu mbili nyuzi za sauti hazipati muda wa kuachana. Zinalegea tu, hewa inapita huku zinatetemeka. Ukitafuta kimya, au ukungu mzito kama wa s, hutaupata.

Pima ulegevu wenyewe. Chukua ukubwa wa harmoniki ya kwanza (mtetemo wa msingi wa sauti), utoe wa ya pili (ile ya masafa maradufu). Nyuzi zikilegea, ya kwanza humzidi mwenzake. Fanya hivyo katikati ya *a*, pale unaposikia h, na katikati ya *i*, ulinganishe ndani ya neno lilelile, la bibi yuleyule. Angalia na desibeli, yaani nguvu ya sauti, kwa kawaida hubonyea hapo. Ila *i* ina formanti (mwangwi wa kinywa) ya kwanza iliyo chini sana, nayo hukuza harmoniki iliyo karibu yake, usije ukadhani ni pumzi. Tumia hesabu ya kusahihisha formanti, au anza na maneno yenye irabu ileile pande zote mbili za h.

Lugha yangu ya kwanza ni Kiiraqw. Sauti za kooni tunazo tele, hadi alama ya mkwaju tumeifanya herufi. Na bado nilipoanza kupima, macho yalinidanganya.

Fundi_Rekodi

Faili ni WAV (isiyobanwa) au MP3? MP3 hutupa sauti hafifu zinazofunikwa na zenye nguvu, na pumzi ni hafifu. Omba faili asili.

Kuhusu kuni: mpasuko wake ni mstari mwembamba wima, unapita masafa yote na kuisha ndani ya milisekunde chache. H ya mtu hudumu makumi ya milisekunde. Neno lililoangukiwa na mstari huo liache.

MtuWaTanga

Shikamoo mwalimu, na asante fundi. Ni WAV, nashukuru Mungu.

Nimerudia kumi za mwanzo usiku huu. Nane, harmoniki ya kwanza inapanda palepale sikio linaposema h. Moja kuni zimepasuka juu yake. Ya kumi, *a* na *i* zimegusana kweli, hamna kitu. Hiyo nitaiandika kama ilivyo.

Sasa kuna mahali mhojaji anamwomba arudie, naye analitamka neno polepole, h wazi kabisa. Nizichanganye na zile za hadithi?

Mwalimu wa Karatu

Marahaba. Usizichanganye. Akirudia kwa kuombwa anakufundisha neno, akisimulia anaongea na wenzake. Zipe safu yake kwenye jedwali. Na hizo 21 zilizobaki, pima zote kabla hujaandika sentensi hata moja.

MtuWaTanga

Naanza kesho asubuhi, nikipata vipokea sauti vya maabara.