Mjadala: Muumini anayekimbia hatari amemkana Mungu?

Mleta mada: Wakuu, kuna fundisho nalisikia sana siku hizi: muumini akitishiwa kuuawa kwa ajili ya imani, akaondoka, huyo ni mwoga, imani hana. Napinga, na napinga kwa Biblia hiyohiyo.

Paulo alipoviziwa Dameski, malango yakilindwa usiku na mchana, hakwenda kujipeleka. Alitiwa ndani ya kapu, akateremshwa kupitia dirisha la ukutani. Mtume mzima kwenye kapu! Na Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi kwamba wakifukuzwa mji huu wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23).

Mimi nauliza hivi: ulipoondoka, kazi uliyotumwa uliibeba au uliitupa? Yona naye alikimbia, tena hakuna aliyekuwa anamfukuza. Alipanda merikebu ya Tarshishi ili asiende Ninawi. Paulo katoka kapuni, tunamkuta Yerusalemu anahubiri.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mbona Danieli umemruka? Amri ya mfalme Dario ilikuwa ya siku 30 tu. Angefunga madirisha akaomba kimoyomoyo, nani angejua? Yeye aliyaacha wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Hoja yako inawapa watu kichaka cha kujifichia.

Mleta mada: Tazama amri yenyewe ilikataza nini. Ilikataza sala. Kufunga dirisha kungekuwa ndiyo kuitii. Dameski walimtaka Paulo afe, basi. Kutoroka kwake hakukumkana yeyote.

Mchangiaji wa pili: Niwaongezee Sipriani, askofu wa Karthago, Afrika Kaskazini. Mwaka 250 Kaisari wa Roma, Decius, aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu. Sipriani akajificha, akaongoza kanisa kwa barua. Alisemwa sana, hadi Roma. Mwaka 258, chini ya Kaisari Valerian, askari walitumwa wampeleke mji wa Utica alikokuwa liwali wa Kirumi, akajificha tena! Safari hii aliandika kwamba askofu anapaswa kuikiri imani katika mji wake, mbele ya watu wake. Liwali aliporudi Karthago, Sipriani alikuwepo. Aliagiza mtu wa kumkata kichwa apewe vipande 25 vya dhahabu. Mwoga gani huyo?

Mchangiaji wa tatu: Huyo Sipriani mnamsifia upande mmoja. Mwaka 250 yeye alikuwa na pa kujificha. Waumini wake wengi hawakuwa napo, na wengi wakatoa sadaka kwa hofu. Baadaye walipotaka kurudi kanisani, ni huyohuyo aliyekuwa mafichoni aliyewapangia toba, na mwanzoni hakuwalegezea. Yohana 10 inamtaja mtu wa mshahara anayekimbia akimwona mbwa-mwitu, kondoo akawaacha. Mleta mada, suala la kubeba kazi nimekuelewa. Sasa nijibu hili: kama kazi yenyewe ni kondoo, na kondoo hawaingii kapuni, mchungaji anaondokaje?